Olkejuado Ikawa Kajiado: Majina Yanavyofutwa Bila Amri

Ukisafiri kwa matatu kutoka Nairobi hadi Namanga na kuvisoma vibao vya njiani, utakuwa umesoma sura nzima ya historia ya lugha nchini Kenya. Mlolongo ni neno la Kiswahili, nalo linatokana na foleni ya malori yaliyokuwa yakingoja kupimwa uzito. Athi River ni jina la mto wetu lililofungwa mkia wa Kiingereza. Kitengela, Isinya na Kajiado ni majina ya Wamaasai yaliyopita katika vinywa na kalamu za watu wengi wasiokuwa Wamaasai. Bissil nalo ni jina la Kimaasai lililokatwa kichwa. Na kati ya mji na mji yamepangana malango ya mitaa mipya, yenye majina ambayo ungeweza kuyahamishia Thika au Nakuru na hakuna mtu angegutuka.

Swali langu juma hili ni hili: jina la mahali hufutwaje? Wengi wakiulizwa watajibu kwamba serikali hutoa amri, kibao cha zamani kikang'olewa na kipya kikasimikwa. Jibu hilo ni sahihi, ila ni nusu ya jibu. Ipo njia nyingine, ya polepole na isiyo na kelele, ambayo haihitaji sheria wala askari. Hapa Kajiado tunaishi ndani yake, na ndiyo ninayotaka kuieleza. Lakini ili tuielewe vizuri, hebu kwanza tuitazame ile ya amri.

Mfano wake ulio wazi zaidi uko Ulaya. Mwaka wa 1912 na 1913 vilipiganwa Vita vya Balkani, na eneo la Makedonia, lile lile ambalo wasomaji wa Biblia wanalijua kupitia safari za Mtume Paulo, likagawanywa. Sehemu kubwa ya kusini ikawa ya Ugiriki. Huko waliishi watu wa lugha mbalimbali: Wagiriki, Waturuki, Waalbania, na watu wengi waliozungumza lugha ya jamii ya Kislavoni ambayo leo wengi huiita Kimakedonia. Vijiji vingi vilikuwa na majina ya Kislavoni au ya Kituruki. Ugiriki ilikuwa imekwisha kuunda kamati ya majina ya mahali mwaka wa 1909. Baada ya vita, kamati hiyo ikapata kazi kubwa kuliko ilivyotarajiwa, na mwaka wa 1926 sheria maalumu ikaiharakisha. Majina mapya yakachapishwa katika gazeti rasmi la serikali, kijiji baada ya kijiji, mamia kwa mamia.

Miji mikubwa ilikuwa na majina ya kale ya Kigiriki yaliyoweza kurejeshwa. Voden, jina linalotokana na neno la Kislavoni la maji kwa sababu ya maporomoko yake, ukawa Edessa. Lerin ukawa Florina. Vijiji vidogo havikuwa na bahati hiyo, kwa hivyo vingi vilibuniwa majina ofisini. Banitsa kikawa Vevi. Kijiji cha Dambeni, ambacho jina lake lina mti wa mwaloni ndani yake, kikaitwa Dendrochori, maana yake "kijiji cha miti". Ninamwomba msomaji auhifadhi mfano huu wa mwaloni, kwa maana tutauhitaji tukirudi Kitengela. Miaka kumi baadaye, chini ya utawala wa Metaxas ulioanza 1936, hata kuizungumza lugha hiyo hadharani kulikuwa kosa la kuadhibiwa.

Sisi pia tumewahi kuonja amri za namna hiyo, na tumewahi kuzitangua. Mwaka wa 1888 Samuel Teleki, mtu wa Hungaria, alifika kwenye ziwa kubwa la kaskazini na kulipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria ambaye hakuwahi kuliona. Mwaka wa 1975 likawa Ziwa Turkana. Fort Hall imekuwa Murang'a. Broderick Falls imekuwa Webuye. Thomson's Falls, iliyoitwa kwa jina la Joseph Thomson aliyepita nchi ya Wamaasai mwaka wa 1883, imekuwa Nyahururu.

Tazama jambo moja katika mifano hii. Amri ina tarehe, ina sahihi, na ina ukurasa katika gazeti la serikali. Hata mjukuu wa mtu wa Dambeni akitaka kujua kijiji cha babu yake kiliitwaje, yapo makaratasi ya kumwonyesha. Kilichoandikwa kwa kalamu kinaweza kufutwa kwa kalamu. Lakini jina lililopotea bila amri hulirudishi kwa amri, kwa sababu hakuna anayekumbuka siku lilipoondoka. Basi na tuzitazame njia nne zinazoyaondoa majina ya Kajiado.

Njia ya kwanza ni kukata. Kimaasai, kama Kiswahili, ni lugha ambayo nomino yake haitembei bila kiambishi. Sisi tuna ngeli. Wao wana jinsia. Nomino ya kiume huanza kwa ol- katika umoja na il- katika wingi. Ya kike huanza kwa en- katika umoja na in- katika wingi, ingawa sauti hubadilika kidogo kulingana na neno linalofuata. Viambishi hivi si mapambo. Olkeju ni mto. Enkeju ni mguu. Mzizi ni mmoja, kiambishi ndicho kinachoamua. Ni kama mti na kiti katika Kiswahili: ukiondoa m- na ki- umebaki na -ti, ambayo haikaliwi wala haipandwi.

Sasa "mto mrefu" kwa Kimaasai ni olkeju ado. Hilo ndilo jina lililozaa Kajiado. Lilipoandikwa na kutamkwa na wageni, ol- ikadondoka, vokali zikabadilika, na kilichobaki hakina mto wala urefu. Mtoto wa Kimaasai wa leo anayezaliwa mjini hawezi kulisikia neno la lugha ya mama yake ndani ya jina Kajiado mpaka aelezwe.

Ajabu ni kwamba jina kamili halikuwa limepotea. Kwa miaka mingi baraza la wilaya liliitwa Olkejuado County Council. Wilaya ikaitwa Kajiado, baraza likaitwa Olkejuado, na mkazi aliyekwenda kulipia leseni ya duka lake alilisoma jina zima kwenye risiti. Kisha ikaja katiba ya 2010. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mabaraza yote ya zamani yakavunjwa na mahali pake pakaingia serikali za kaunti. Kaunti yetu ikarithi jina la wilaya. Kwa hivyo mfumo wa ugatuzi, ulioletwa ili kuwapa watu wa mashinani sauti, ndio uliolifunga jina la mashinani katika makaratasi ya serikali. Hakuna aliyekusudia hivyo. Hakuna aliyepiga kura kwamba Olkejuado iondoke. Ilianguka tu, kama kifungo kinavyodondoka kwenye shati. Leo ukitaka kuliona jina hilo limeandikwa kwa herufi kubwa, nenda kwenye lango la shule ya upili ya Olkejuado.

Kukata huku kumeenea kotekote. Enkare Nairobi ni "maji baridi". Tumeyaacha maji tukabaki na ubaridi. Enkare Narok ni "maji meusi"; tumebaki na weusi. Ongata Rongai ni "uwanda mwembamba", na abiria wa siku hizi husema Rongai, au Ronga kwa mkato, yaani wembamba usio na uwanda. Enkong'u ni jicho, na pia ni chemchemi, kwa kuwa Wamaasai huona kwamba ardhi hutazama juu pale maji yanapotoka. Ndani ya jina Ngong limo jicho hilo, lakini limefumbwa. Ilbissil imekuwa Bissil. Ilkaputiei, yaani tawi la Wamaasai ambalo ardhi ya Kitengela na Isinya ni yake kiasili, linaandikwa Kaputiei, Kaputei, na katika ramani nyingi Kapiti, kama vile watu hao ni watatu. Mto unaopita kusini mwa mbuga ya Nairobi unaitwa Empakasi kwa Kimaasai, lakini vinywa viwili tofauti vimeugeuza kuwa Mbagathi na Embakasi, na Mnairobi wa leo huyajua hayo kama majina ya sehemu mbili za jiji zilizo mbali mbali na zisizohusiana.

Njia ya pili ni kubandika jina la mkubwa. Mpakani mwa kaunti ya Kajiado na ya Makueni, kando ya reli, uko mji wa Sultan Hamud. Huyo ni Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902. Reli ya Uganda ilikuwa ikijengwa wakati huo, na jina lake likabaki pale kama mzigo ulioshushwa garimoshi likaenda zake. Wamaasai na Wakamba wa eneo hilo hawakuwa raia wa sultani. Hata hivyo, ni wangapi kati yetu wanaokumbuka kwamba Sultan Hamud lilikuwa jina la mtu? Baada ya uhuru hatukuiacha tabia hii. Tuliibadilisha wenyewe tu. Shule ya wasichana ya hapa Isinya inaitwa Moi Girls. Angalau hiyo imeongezwa Isinya mwishoni, na jina la mahali limepona.

Njia ya tatu inanigusa kwa karibu kwa sababu inahusu lugha ninayoifundisha. Tunapenda kukilaumu Kiingereza, lakini Kiswahili nacho kimeyakalia majina ya wenzake. Misafara ya biashara kutoka pwani ilipita nchi ya Wamaasai kabla ya wakoloni, na iliwaachia wachoraji ramani majina ya Kiswahili. Ziwa Magadi ni mfano. Magadi ni neno ambalo kila mpishi wa maharagwe analijua. Kampuni ya kuchimba magadi ilipoanzishwa mwaka wa 1911 na tawi la reli likajengwa kutoka Konza kupitia Kajiado hadi ziwani, jina hilo liliganda kabisa. Wamaasai huyaita magadi hayo emakat, na ukilitazama neno unaona kwamba ni ndugu wa magadi letu. Hapa, basi, lugha mbili ziliazimana, lakini ramani ilimwandika ndugu mmoja tu. Kule Narok pako Maji Moto. Mmaasai akisema kwa lugha yake atasema enkare nairowua. Tafsiri ni sahihi kabisa, na hilo ndilo tatizo: tafsiri sahihi humfanya mtu aamini kwamba hakuna kilichopotea.

Sisemi kwamba Kiswahili kina hatia sawa na ya Metaxas. Hakikumfunga mtu kwa kusema enkare. Ninasema tu kwamba lugha ya taifa ina wajibu wa kujua uzito wake. Ikikaa juu ya lugha ndogo, haisikii ikilia.

Kabla ya kuifikia njia ya nne yatupasa tuguse historia ya ardhi yenyewe, maana jina na ardhi ni chanda na pete. Mwaka wa 1904 Waingereza waliandikiana mkataba na wazee wa Kimaasai wakiongozwa na Olonana, yule tunayemwita Lenana. Wamaasai wakaondolewa katika Bonde la Ufa, sehemu za Naivasha na Nakuru, ili walowezi wapate ardhi. Kundi moja lilipelekwa kaskazini huko Laikipia, jingine likabaki kusini. Wakaahidiwa kwamba hawatasumbuliwa tena. Mwaka wa 1911 ukaandikwa mkataba mwingine, na waliokuwa Laikipia wakahamishwa kuja kusini, kazi iliyokamilika mwaka wa 1913. Mwaka huo huo Ole Njogo na wenzake walikwenda mahakamani. Kesi ikatupwa, kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa kama ya nchi na nchi, na mahakama haikuwa na uwezo juu yake.

Watu wakaondoka, lakini majina hayakuondoka. Naivasha ni Enaiposha. Nanyuki ina wekundu wa Kimaasai, nanyokie. Laikipia ni jina la Ilaikipiak. Mtu akifunua ramani ya nyanda za juu hata leo, anaweza kuzifuata kwato za ng'ombe wa Wamaasai mji kwa mji, ingawa ng'ombe hao walihamishwa zaidi ya karne moja iliyopita. Majina hayo yamekuwa shahidi ambaye mahakama ya 1913 haikuweza kumtupa nje.

Huku kwetu kusini mambo yamekwenda kinyume. Watu wapo. Ukienda sokoni Isinya utakisikia Kimaasai kikizungumzwa na vijana na wazee. Lakini majina ndiyo yanayoondoka. Kule watu waliondolewa majina yakabaki. Hapa watu wamebaki majina yanaondolewa. Mimi naona kwamba hali hii ya pili ni ya hatari kuliko tunavyodhani, kwa sababu haifanani na dhuluma. Inafanana na maendeleo.

Hiyo ndiyo njia ya nne, soko la ploti. Sheria ya 1968 iliwawezesha Wamaasai kusajili ardhi kama ranchi za vikundi, kila ranchi ikiwa na wanachama na wawakilishi wake. Katika miaka ya themanini ranchi nyingi za Kajiado zilianza kugawanywa. Ile ya Kitengela iligawanywa kuanzia 1988. Kila mwanachama akapata kipande chake, kila kipande kikapata hatimiliki, na kila hatimiliki ikapata nambari. Mara tu baadaye, kutokana na sheria ya mwaka wa 1990, viwanda vya EPZ vikajengwa Athi River, na wafanyakazi wakahitaji mahali pa kulala. Waliotaka nyumba Nairobi wakakosa uwezo wakaitazama Kitengela, kisha Kisaju, kisha Isinya. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kajiado nzima. Ile ya 2019 ilihesabu 1,117,840.

Hatimiliki nyingi za huku zinaanza kwa maneno Kajiado/Kaputiei-North, halafu nambari. Jina la tawi la Wamaasai bado limo, limefungwa nira na neno la Kiingereza. Lakini chini yake hamna kitu tena ila tarakimu. Chini ya Kaputiei palikuwa na majina mengine mengi: ya vilima, ya mabonde, ya miti mikubwa, ya visima, ya mahali pa kulambisha ng'ombe chumvi, ya mahali ambapo boma la fulani lilikuwa. Kwa mfugaji hiyo ndiyo iliyokuwa ramani. Mpimaji alipopita na vigingi vyake alihitaji mipaka, hakuhitaji majina. Hakuyafuta, hakuyaandika tu. Katika dunia ya makaratasi hayo ni mamoja.

Kisha broka akaja kuujaza ule utupu. Broka hawezi kuuza nambari. Anahitaji jina litakalomvutia mwalimu wa Nairobi au muuguzi aliye ng'ambo. Ndiyo maana Kitengela, iliyo kwenye uwanda, ina mtaa uitwao Milimani. Ina mtaa uitwao Acacia pia. Hapa ndipo ninapokurudisha, msomaji, kwenye mwaloni wa Dambeni.

Acacia ni jina la Kilatini la jamii ya migunga. Mmaasai hana mgunga mmoja. Oltepesi ni ule wenye kichwa bapa kama mwavuli, ambao maganda yake huliwa na mbuzi wakati wa ukame. Olerai ni ule wa gome la manjano, unaopenda kumea penye maji karibu. Oiti ni ule wa miiba iliyopinda, unaomshika mpita njia nguo. Eluai ni ule mfupi wenye vinundu ambamo sisimizi huishi na upepo hupiga mbinja, nao hupenda udongo mweusi wa mfinyanzi. Kwa hivyo mahali panapoitwa kwa jina la olerai panakuambia kwamba maji hayako mbali. Mahali pa eluai panakuambia kwamba mvua ikinyesha gari lako litakwama na msingi wa nyumba yako utahitaji mawe mengi. Weka pote kibao cha Acacia na umewapokonya wanunuzi habari ambayo wangeilipia mhandisi. Kamati ya Ugiriki iliugeuza mwaloni kuwa "miti" kwa sheria ya 1926. Sisi tumeigeuza oltepesi, olerai, oiti na eluai kuwa Acacia kwa bango la kuuza ploti, na tumeridhika.

Mfano wa Kitengela yenyewe ni wa kufikiriwa. Kituo cha biashara cha pale kilijulikana kwa jina la Noonkopir, ambalo ndani yake limo neno la Kimaasai la manyoya ya ndege. Mji ulipokua ukaitwa Kitengela, na Noonkopir ikabanwa mpaka ikawa jina la shule na la mtaa wa watu wa kipato cha chini. Ona mpangilio: watu wa mabati wako Noonkopir, watu wa malango wako Milimani na Acacia. Mtoto anayekua akiona hivyo hahitaji mwalimu wa kumfundisha ni lugha ipi ya kifahari na ni ipi ya kuonea haya.

Najua kuna hoja dhidi yangu, na ni hoja nzito. Kwanza, majina hubadilika siku zote. Wamaasai wenyewe waliikuta nchi hii ikiwa na watu na majina, na Ilaikipiak nao walivunjwa na Wamaasai wenzao katika karne ya kumi na tisa, si na Mzungu. Pili, mgeni akikaa mahali, akazaa hapo na kuzika hapo, ana haki ya kupaita. Wamlolongo hawakumwibia mtu, walipaita walivyopaona. Mimi mwenyewe si Mmaasai, na ninaishi Isinya kwa sababu niliuziwa ardhi kihalali. Sina mamlaka ya kumwambia jirani yangu asiipe nyumba yake jina alipendalo.

Nazikubali hoja hizo, ila zinatofautisha kitu ambacho soko halikitofautishi. Jina la Mlolongo lilitoka vinywani mwa watu waliokuwa wakipaona kila siku, nalo linasema kweli kuhusu mahali pale. Nyahururu ni neno lenye asili ya Kimaasai lililopita katika kinywa cha Kikuyu, na sauti ya maporomoko ingali ndani yake. Huko ni kukutana kwa watu. Jina la bango halikutoka kinywani mwa mkazi yeyote. Liliwekwa kabla mkazi hajafika, na aliyeliweka hakai hapo. Hata Umoja wa Mataifa umeliona tatizo hili. Katika mkutano wake kuhusu usanifishaji wa majina ya kijiografia mwaka wa 2012 ulipitisha azimio la kuzisihi nchi zisiyageuze majina ya mahali kuwa bidhaa. Katiba yetu, katika Ibara ya 7, inaitaka serikali ilinde lugha mbalimbali za Wakenya na kuendeleza matumizi ya lugha za kienyeji. Ni vigumu kuona lugha inalindwaje ikiwa haina hata kibao cha barabarani.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu, yote ya bei nafuu. La kwanza ni letu sisi waandishi na walimu: tuandike Ilbissil, tuandike Ilkaputiei, na tukitaja Kajiado darasani tueleze Olkejuado. Hatuhitaji ruhusa ya mtu. La pili ni la serikali ya kaunti, ambayo ndiyo huidhinisha mipango ya mitaa mipya. Fomu ya maombi iwe na mstari mmoja zaidi, unaouliza: mahali hapa paliitwaje? Mwenye mradi akawaulize wazee wa hapo, alijaze jina hilo, na liwekwe langoni chini ya lile la biashara. Anayetaka kuuza Acacia na auze, lakini oltepesi nayo isomeke. La tatu lina haraka kuliko yote. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 imechukua mahali pa ile ya 1968, na ranchi zilizobaki zinaendelea kusajiliwa upya au kugawanywa. Kila mpimaji anapokwenda uwandani na aandamane na mtu wa kuandika majina ya vilima na visima kabla vigingi havijapigwa. Vyuo vikuu vina wanafunzi wa isimu wanaotafuta mada za tasnifu. Hii hapa.

Mzee aliyekuwa na miaka ishirini ranchi ya Kitengela ilipoanza kugawanywa mwaka wa 1988 leo anakaribia sitini. Anayajua majina kwa sababu alichunga hapo kabla ya nyaya na kuta. Mwanawe anayajua machache. Mjukuu wake, anayepanda matatu ya shule kwenye stegi ya Acacia, anajua moja, nalo ni Kilatini. Dambeni imo katika gazeti la serikali ya Ugiriki. Majina ya visima vya Isinya yamo kichwani mwa mzee huyo tu, na anayetaka kuyaandika inafaa aende wiki hii.